Kijani Kinachotaka Subira

Mjuzi wa madini akiletewa dioptasi hakimbilii kisu. Madini haya ya shaba yana kijani kilichokolea, chenye ubuluu kwa mbali, na kijani hicho ndicho kilichowahadaa waliolipata jiwe hili Altyn-Tyube, Kazakhstan, mwishoni mwa karne ya 18. Walidhani ni zumaridi. Mwaka 1797 Mfaransa René Just Haüy akalitambua kuwa ni madini mengine kabisa.

Kisu kingemaliza ubishi mara moja, kwa kuwa ugumu wa dioptasi ni 5 tu kwenye kipimo cha Mohs, ilhali zumaridi hupita 7. Lakini mkwaruzo haufutiki. Kwa hiyo stadi hushika lenzi na kuligeuza jiwe taratibu chini ya taa. Kito kikiwa kimekatwa, kingo za nyuma huonekana mbilimbili, maana dioptasi huupasua mwanga vikali. Kwenye zumaridi huoni hilo. Kisha hupima uzito: dioptasi ni nzito kuliko maji kwa takriban mara 3.3, zumaridi mara 2.7.

Malakiti nayo ni madini ya kijani ya shaba, na tone la asidi huifanya itoe povu. Dioptasi haitoi. Hapo ndipo mwenye papara hunaswa, kwa kuwa dioptasi ya Tsumeb, Namibia, mara nyingi imekaa juu ya kalsaiti nyeupe, nayo kalsaiti huchemka kwa asidi kama kawaida yake. Tone likiteleza kidogo tu, jibu limeharibika, na kalsaiti imeliwa.

Kuthamini ndiko kugumu zaidi. Fuwele hizi hupasuka kirahisi katika mielekeo mitatu, basi mthamini hukagua ncha moja baada ya nyingine: ipi imemeguka, ipi imebandikwa kwa gundi. Ukubwa peke yake haumbabaishi. Fuwele kubwa aghalabu huwa na giza, ndiyo maana vito vyake vilivyokatwa ni vidogo. Mimi ningechagua fuwele ndogo nzima juu ya kalsaiti yake kuliko kubwa iliyong'olewa.

Asili nayo ina bei. Mgodi wa Tsumeb ulifungwa mwaka 1996, hivyo kikaratasi cha zamani kinachotaja mgodi huo hutunzwa pamoja na jiwe. Katanga, Kongo, nako hutoa dioptasi nzuri, ila machimboni huko shaba hununuliwa kwa uzito, na fuwele iliyotupwa kwenye gunia la mawe haifiki nzima mezani kwa mthamini.