Wembe na Povu Oldonyo Sambu
Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, ni kwa Waarusha na Wamaasai, watu wanaojua kunyoa. Kwenye eunoto, sherehe ya kuwapandisha morani daraja, mama humkalisha morani wa Kimaasai akamnyoa nywele ndefu zilizopakwa ngeu, kichwa kikilowanishwa kwa maji na maziwa. Kazi hiyo haitaki pupa. Zamani wembe ulifuliwa na wahunzi. Siku hizi ni kiwembe chembamba cha makali mawili, aina ambayo mfanyabiashara Gillette alianza kuiuza Marekani mwaka 1903. Kichaguliwe kipya, kimoja kwa kichwa kimoja. Kwa kunyoa kwa kawaida, sabuni ya mche inatosha, mradi povu liwe zito. Mnyoaji hodari huvuta ngozi, hufuata nywele zilivyolala. Wembe ukianza kukwaruza, povu limekauka.