Utepe ndani ya usukani: kabla ya kulaumu redio

Barabara ya kutoka Sake kupanda Mushaki hadi Karuba, mashariki mwa Kongo, haimpi dereva nafasi ya kutuliza mikono. Kona inafuata kona, na panaponyooka kuna shimo la kukwepa, hivyo vitufe vya usukani humfaa sana. Katika Toyota zilizotumika, vitufe vya usukani vinapoacha kufanya kazi, wa kwanza kulaumiwa ni redio, kisha vitufe vyenyewe, na mara nyingi kimoja kati ya hivyo hununuliwa kabla ya chochote kupimwa. Huko ni kuanza na jibu. Swali la kwanza liwe: ni nini kingine kimekufa pamoja navyo?

Kati ya usukani unaozunguka na sehemu isiyozunguka ya mhimili wake kuna utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringisha ndani ya kisanduku cha plastiki. Humo hupita umeme wa honi, wa vitufe na wa mfuko wa hewa wa dereva. Vitatu hivyo vikizimika kwa pamoja, au vikirudi na kupotea kadiri usukani unavyogeuka, mshukiwa ni utepe. Honi ikifa peke yake, angalia kwanza fyuzi na rilei. Kitufe kimoja kikigoma huku jirani zake wakiitika, tatizo li ndani ya kitufe hicho. Shahidi bora ni taa ya mfuko wa hewa. Waya ukikatika, redio huona tu kwamba hakuna aliyebonyeza, lakini kompyuta ya mfuko huikagua njia yake yenyewe na kuwasha taa ikikuta kasoro. Anayeichomoa balbu ya taa hiyo ili mnunuzi asiulize maswali anafuta ushahidi.

Kupima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Katika Toyota nyingi vitufe kadhaa hutumia waya mmoja, kila kimoja kikiwa na ukinzani wake: wa kupeleka stesheni mbele huwa chini ya omu 2.5, wa kurudi nyuma kama 330, wa kupandisha sauti 1,000, wa kuishusha 3,110. Visipobonyezwa, kama omu laki moja. Ndiyo sababu gari linaweza kupandisha sauti dereva anapotaka kurudisha stesheni. Uchafu au kutu kwenye kiungo umeongeza omu mia kadhaa, na redio imesoma kitufe kingine. Hapo njia haijakatika, imechafuka, na kusafisha kunaweza kutosha. Kipimo kifanywe kwenye plagi ya vitufe, kisha upande wa pili wa utepe. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayotaja mkosaji. Lakini kwanza nguzo hasi ya betri itolewe, zipite angalau sekunde 90, na multimeta isiguse kamwe plagi ya njano ya mfuko wa hewa, kwani mkondo wake mdogo unaweza kuulipua.

Mafundi watajibu kwamba mteja wa Karuba anataka honi tu, na kwamba kitufe kilichofungwa kwenye dashibodi kwa nyaya mbili kinampa honi leo hii. Ni kweli, na kwenye kona isiyoonekana mbele honi ni uhai. Ila njia hiyo ya mkato huondoa malalamiko bila kugusa utepe uliokatika, na mfuko unabaki bubu. Kasoro ya utepe huu si jambo la kubuniwa. Aprili 2014 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 6 duniani yarudishwe kurekebishwa kwa kasoro mbalimbali, na milioni 3.5 hivi, yakiwemo ya RAV4 na Hilux, yaliitwa kwa sababu ya utepe huo, ambao ungeweza kuharibika kwa kugeuzwa kwa usukani. Pingamizi la bei lina uzito zaidi: kipuri kipya ni ghali, cha gari lililovunjwa ni nafuu. Cha zamani kinafaa, mradi kipimwe mkononi huku kikizungushwa polepole, na kipachikwe katikati: kizungushwe kinyume cha saa hadi kikome, kirudishwe mizunguko kama miwili na nusu hadi alama zilingane, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Kikikosewa hapo, kona kali ya kwanza ya kushuka Sake itakikata.