Uzito Haukuandikwa

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anaishi Ulaya, alikuja likizo Ngara akapita hapa Murukulazo kunisalimu. Aliniletea zawadi ya kitabu kikubwa chenye karatasi za kung'aa, orodha ya mnada wa vyombo vya safari vya kale. "Mwalimu," aliniambia, "najua unapenda mambo ya zamani. Hiki utakisoma taratibu." Kweli nimekisoma taratibu, tena mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na penseli mkononi, kama nilivyozoea miaka ile ya kusahihisha madaftari chuoni. Haya ninayoandika ni masahihisho hayo.

Hapana budi nianze kwa kukisifu, maana mwalimu asiyeona lililo jema katika kazi ya mwanafunzi hana haki ya kutia alama nyekundu. Picha ni safi mno. Yamo masanduku ya kuandikia ya mti wa mkangazi, ambayo ukiyafungua hugeuka kuwa meza ndogo yenye mwinamo, ina kidau cha wino pembeni na droo ya siri chini. Sanduku la namna hiyo la Jane Austen, mtunzi wa riwaya, limehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Yamo masanduku ya waungwana yenye brashi, vitana, nyembe na chupa za manukato, kila kimoja katika tundu lake la mahameli. Vimo vitanda na viti vya kukunja vya maofisa wa Kiingereza waliokwenda India, ambavyo pembe zake zimevishwa shaba, na vishikio vyake vimezamishwa ndani ya mbao ili visikwaruze wala kunasa. Mtu aliyebuni kishikio kile alikuwa fundi wa kweli. Yamo pia matranka ya Louis Vuitton, yule Mfaransa ambaye mwaka 1858 alitoa tranka lenye mfuniko bapa ili mizigo ipate kupangwa moja juu ya jingine, na ambaye karakana yake ilimtengenezea msafiri de Brazza tranka linalogeuka kitanda.

Kila chombo kina maelezo yake: jina la fundi, mwaka, aina ya mti, urefu, upana, kimo, mikwaruzo iliyopo, na bei inayotarajiwa. Maelezo ya kasha moja la chakula yanachukua ukurasa mzima na nusu. Ni kasha la ofisa, la watu wanne: sahani, bilauri, birika la chai, chupa mbili za pombe kali, uma, vijiko, na visu vyenye mipini ya pembe za ndovu. Tumeelezwa hata bawaba ya kushoto ilibadilishwa lini. Nilitafuta jambo moja tu, nikalikosa katika ukurasa ule, kisha nikalikosa katika kitabu kizima. Uzito haukuandikwa.

Msomaji ataniona mzee mgomvi. Uzito una maana gani kwa mtu anayenunua kasha aliweke sebuleni juu ya kabati? Lakini vyombo hivi vinauzwa kwa sifa moja kubwa kuliko zote, ambayo kitabu kinaitaja karibu kila ukurasa, kwamba vinabebeka. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili zaidi ya miaka thelathini na najua hila ya kauli hii. Ukisema "kasha limebebwa," msikilizaji atauliza, limebebwa na nani? Ukisema "kasha linabebeka," swali hilo linakufa. Sifa imehamia kwenye mbao na shaba, kana kwamba kasha lenyewe lina miguu. Kiingereza nacho kina neno lake la sifa hiyo, lenye shina moja na neno lao la mpagazi, lakini waandishi wa kitabu hiki wamelitumia mara nyingi bila kumkumbuka huyo ndugu yake.

Mimi namkumbuka kwa sababu alikuwa babu yangu. Mwezi Juni mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka kutoka Rwanda, yakaiteka Biharamulo, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Vijana wa huku walikamatwa njiani wabebe mizigo, naye alikuwa mmoja wao. Alirudi, jambo ambalo wengi hawakulipata. Alipokuwa akitusimulia hakutaja vita hata kidogo. Alitaja njaa, mvua, na sanduku. Alilibeba kichwani kutoka huku kwetu hadi Tabora, na utosini pake palibaki mahali pasipoota nywele, tukawa tunapagusa kwa kidole tulipokuwa wadogo. Tulimwuliza ndani mlikuwa na nini. Alisema hakupata kujua. Lilikuwa na kufuli, na jioni lilichukuliwa na boi wa bwana mkubwa kabla wapagazi hawajakaa chini. Alijua tu kwamba likiyumba kidogo lilikuwa likilia ndani, mlio mwembamba kama wa kengele za mbuzi, na kwamba likilia sana alichapwa.

Sidai kwamba kasha la kwenye picha ndilo lile. Makasha ya namna hiyo yalitengenezwa kwa mamia. Lakini nilipoziona zile bilauri na chupa mbili zimelala katika mahameli, nilifahamu kwa mara ya kwanza kitu gani kilikuwa kikilia. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya kitabu, kubwa kuliko hata ile ya uzito. Kila kasha limepigwa picha likiwa wazi. Mkusanyaji hulijua kasha kwa ndani. Aliyelifikisha Tabora alilijua kwa nje, kwa chini, na kwa uzito wake, na ujuzi wake haukupata nafasi ya mstari mmoja.

Cha ajabu ni kwamba wasafiri wenyewe wa zamani hawakuuficha uzito. Walikuwa wakihesabu kila ratili, maana mshahara na chakula cha msafara vilitegemea hesabu hiyo. Vitabu vyao vinaonyesha kwamba mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili, au kilo 27 hadi 32 kwa vipimo vyetu. Stanley alipofika Zanzibar mwaka 1874 na mashua yake Lady Alice, iliyoundwa kwa vipande ili ibebwe, aliona vipande vimezidi uwezo wa wabebaji, ikabidi fundi avipunguze kabla ya kuanza safari. Sina mapenzi na Stanley. Mkono wake kwa wapagazi ulikuwa mzito kuliko mashua yake. Lakini katika jambo hili moja kitabu chake ni mkweli kuliko orodha ya mnada. Safari yake ya baadaye, ile ya kumtafuta Emin Pasha, ilikuwa na masanduku ya dawa ya Burroughs Wellcome, ambayo aliyasifu sana alipoandika kitabu chake mwaka 1890. Masanduku ya namna hiyo siku hizi hutafutwa na wakusanyaji kwa udi na uvumba, na sifa za Stanley hunakiliwa katika matangazo ya mauzo. Idadi ya wapagazi waliokufa katika safari ile hainakiliwi.

Ile mipini ya visu nayo ina habari yake. Katika karne ya 19 pembe nyingi za ndovu za Afrika Mashariki zilishuka pwani mabegani mwa Wanyamwezi na wenzao, zikapita Zanzibar, zikaenda India, Uingereza na hata Connecticut huko Marekani, zikachongwa vitana, mipini ya visu na vibao vya kinanda. Kisha sehemu yake ikarudi bara ndani ya makasha. Si ajabu mtu akawa ameipeleka pembe pwani na mwanawe akaja kuirudisha bara ikiwa mpini wa kisu.

Nisieleweke kwamba napinga ukusanyaji. Huku kwetu Kagera tulikuwa na mkusanyaji tangu zamani. Rumanika, mfalme wa Karagwe, aliwapokea Speke na Grant mwaka 1861, baada ya wao kutozwa hongo na Suwarora wa Usui, nchi ambayo leo ni Biharamulo. Stanley alipofika kwake mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, yenye vitu vya shaba na chuma vya wahunzi wa Karagwe, na pamoja navyo bunduki aliyopewa na Speke. Huyo aliviweka vitu vya wageni kando ya vitu vya nyumbani, kila kimoja kikiwa na habari ya aliyekileta. Mkusanyaji wa namna hiyo namheshimu. Hata wale wanaonunua makasha ya Zanzibar yenye misumari ya shaba sina ugomvi nao mkubwa, ijapokuwa wauzaji wa mjini hutia chumvi nyingi katika umri wa kasha.

Ugomvi wangu ni juu ya kinachohesabiwa kuwa chombo cha safari. Katika kurasa zaidi ya mia mbili sikuona ngata hata moja. Ngata, ambayo kwetu huitwa ingata, ni duara la majani ya mgomba au kitambaa kilichosokotwa, huwekwa kichwani chini ya mzigo. Bila hiyo lisingefika kasha wala tranka. Haina jina la fundi, na ikichakaa hutupwa njiani, mtu akasokota nyingine. Najua mnada hauwezi kuuza kilichooza. Lakini orodha inayojiita ya vyombo vya safari ilipaswa angalau kuitaja, kama vile mwalimu wa historia anavyotaja mfalme ambaye hakuacha picha.

Tena mimi nimeona vyombo vya safari kwa macho yangu, vingi kuliko mnada wowote. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilayani kwetu. Nilisimama kando ya barabara. Kila kichwa kilikuwa na kitu: godoro lililofungwa kwa kamba, sufuria, dumu la maji, mkeka, cherehani, redio ndani ya kanga, na mtoto juu ya hayo yote. Mpakani walinyang'anywa mapanga na mikuki, ikawa chungu kubwa, na baadhi ya mapanga hayo yalikuwa yamefanya kazi tusiyoweza kuiandika hapa. Navyo vilikuwa vyombo vya safari. Dumu la lita ishirini linabebeka kuliko kasha lolote la mkangazi, na sijui mtu yeyote aliyeliweka katika mahameli.

Mwanafunzi wangu alipopiga simu kuuliza kama nimekipenda kitabu, nilimwambia nimekipenda, nikamwomba anifanyie hisani moja. Awaandikie wenye mnada awaulize kasha lile la watu wanne lina uzito gani likiwa na vyombo vyake vyote. Alicheka, lakini aliandika. Jibu lilichukua wiki tano. Walieleza kwa adabu kwamba swali hilo hawajapata kuulizwa, na kwamba wamelipima kwa ajili yangu: kilo 26.

Niliiandika namba hiyo kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Kisha nikamtuma mjukuu wangu alete mizani tunayopimia kahawa, tukapima maharage kilo 26 katika gunia. Ana miaka kumi na saba, ana nguvu. Alijisokotea ingata ya majani ya mgomba, akajitwika, akaenda hadi barabarani na kurudi, shingo imekaza, asiseme neno. Alipolitua gunia alifuta jasho akaniuliza, "Babu, kwani yeye alilibeba mpaka wapi?"

Nikamwambia mpaka Tabora.