Tumbili Yuko Tawini: Ufundi wa Kuchekesha kwa Lugha ya Kujifunza

Mwaka 1998, kwenye jukwaa moja la San Francisco, mchekeshaji Mwingereza Eddie Izzard aliwapa Wamarekani Kifaransa alichobaki nacho kutoka shuleni: panya yuko chini ya meza, paka yuko kitini, tumbili yuko tawini. Onyesho hilo, Dress to Kill, lilitunukiwa tuzo mbili za Emmy mwaka 2000. Nimelitazama mara nyingi nikitafuta jibu la swali moja: mtu asiyejua Kifaransa anacheka nini hapo?

Kwanza, Izzard anafundisha kabla ya kuchekesha. Anatamka, anatafsiri, anarudia. Baada ya dakika chache ukumbi mzima unajua maneno yale yale anayoyajua yeye, na hakuna aliyeachwa nje ya mzaha. Tuliokariri "hii ni meza, hiki ni kiti" kwa sauti mbele ya mwalimu tunalitambua darasa hilo mara moja.

Pili, anapindua mambo. Kwa kawaida mgeni huona kitu, kisha akahangaika kutafuta neno. Izzard neno analo. Kitu ndicho hana. Basi anafunga safari ya Ufaransa na wanyama wake, akitafuta mahali penye miti ili ile sentensi ya tumbili ipate kusemeka. Anayechekwa hapo si Mfaransa wala lafudhi yake. Kinachochekwa ni pengo lililopo kati ya kitabu cha lugha na maisha, na pengo hilo linamhusu kila aliyetua ugenini na cheti mkononi, kisha akashindwa kuomba chumvi mezani.

Lakini kuchekesha kuhusu lugha ni hatua moja. Kuchekesha ndani yake ni safari nyingine. Izzard alianza kujaribu Kifaransa jijini Paris katika miaka ya 1990, na mwaka 2014 akafanya onyesho zima kwa Kijerumani jijini Berlin. Kaka yake, Mark, anayezijua lugha, alimsaidia kutafsiri. Yeye mwenyewe alikariri kama mwigizaji anavyokariri tamthilia, akaiacha lugha imkolee kadiri alivyopanda jukwaani usiku baada ya usiku.

Kijerumani kina mtego wake. Katika sentensi nyingi, sehemu ya kitenzi inasukumwa hadi mwisho, kana kwamba sisi tungesema: "nime- mbwa juu ya paa -mwona". Kwa Kiswahili, "nimemwona mbwa juu ya paa" hufunga kwa paa, na kicheko hulipuka papo hapo. Kwa Kijerumani paa linatajwa, halafu wasikilizaji bado wanasubiri kitenzi. Hivyo kutafsiri neno kwa neno kunaua kichekesho. Inabidi sentensi ifumwe upya ili neno lenye uzito liangukie pale pumzi inapokatika.

Jambo la tatu ni mifano. Izzard amesisitiza kwa miaka mingi kwamba ucheshi hauna taifa. Vyenye taifa ni vitu vinavyotajwa. Ukimtaja mtangazaji wa televisheni ya kwenu, mgeni anabaki kapa. Ukizungumzia wafalme wa kale, miungu na kafara, kila ukumbi una pa kushika. Kwa sababu hiyo onyesho lake la Force Majeure liliweza kuvuka mipaka bila kubadilishiwa kiini.

Wachekeshaji wetu wanaosimulia maisha ya Ulaya, Marekani au Ghuba wana hazina hiyo hiyo, na wengi wao wanaijua lugha ya ugenini kwa jasho. Ninachowasihi ni kwamba wasiishie kuigiza lafudhi ya mwenyeji. Lafudhi huchekesha mara moja. Aliye na sentensi tatu tu, akalazimika kuishi nazo, anachekesha usiku mzima, kwa kuwa msikilizaji anajiona mwenyewe.

Tarehe 6 Juni 2014, miaka 70 tangu majeshi ya Washirika yashuke Normandie katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Izzard alifanya maonyesho matatu mfululizo huko huko, mjini Caen: kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Mji huo ulibomolewa vibaya katika vita vya 1944, wasemaji wa lugha hizo wakiuana. Safari hii kila lugha ilipewa zamu yake jukwaani, na watu wakaenda kucheka.