Kitovu cha Jagina: Usawiri wa Mwili wa Mwanamume katika Fasihi na katika Matangazo

Uhakiki wa fasihi katika shule zetu za upili umepiga hatua kubwa kuhusu suala la uana. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapati taabu kueleza jinsi mwandishi anavyomchora mwanamke kama pambo, wala jinsi jicho la mhusika wa kiume linavyompima mwanamke kuanzia shingo hadi kisigino. Hata hivyo, muulize mwanafunzi huyo huyo kuhusu mwili wa mwanamume katika kazi anayoisoma, naye atakujibu kwa ufupi: "Ni shujaa" au "Ana nguvu." Hapo uhakiki unakoma. Makala haya yanadai kwamba kimya hicho kina gharama, na wanaoilipa ni wavulana tunaowafundisha.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina msamiati tele wa kumpima mwanamume kwa macho. Tuna mtu wa miraba minne, pande la mtu, jitu na baunsa. Kwa upande wa pili tuna kimbaombao, na yule anayeambiwa kwamba upepo ukivuma utamchukua. Kitambi nacho kilihesabiwa na wengi kuwa dalili ya neema. Leo kijana anakiona kuwa aibu. Ni bayana basi kwamba mizani ya kumpima mwanamume haikuletwa na televisheni. Swali la mhakiki ni hili: mizani ya fasihi yetu inapima nini, na ile ya matangazo inapima nini?

Mwili wa Liyongo

Mfano ulio karibu nasi ni Fumo Liyongo, hasa kama anavyosimuliwa katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Wanafunzi wetu hukariri sifa za majagina wa mighani: jagina huwa na nguvu zisizo za kawaida, huwa na siri ya nguvu hizo, na husalitiwa na mtu wa karibu. Orodha hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Utendi unafanya zaidi ya kumsifu Liyongo. Unauchunguza mwili wake na namna watu wanavyoutazama.

Wagala, kama watu hao walivyoitwa wakati huo, wanapomwona Liyongo wanashtuka. Anatoa mkobani vyombo vizito ambavyo mtu wa kawaida asingeweza kuvibeba. Wanachotaka baada ya hapo ni mbegu yake: aozwe kwao ili wapate mtoto mfano wake. Mfalme wa Pate naye anapoutazama mwili huo huo anauona kuwa tishio kwa kiti chake. Mwili ni mmoja, macho ni mawili, na kila jicho lina haja yake.

Jambo la pili ni kwamba nguvu hizo hazimtoi gerezani. Liyongo hakuvunja ukuta kwa kifua. Aliyemwokoa ni mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, na kijakazi Saada aliyeupeleka. Walinzi waliudharau mkate huo wakampa mfungwa. Kisha ngoma ya gungu ikapigwa, na kelele zake zikafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Akili ya mama, ujasiri wa kijakazi na sanaa ya mshairi ndivyo vilivyofanya kazi ambayo misuli haikuiweza.

Jambo la tatu ni kitovu. Mwili huo wote unaangushwa na sindano ya shaba inayochomwa mahali padogo ambapo kila mtu anapo. Kisha Liyongo anapiga goti kisimani, upinde mkononi, na kufa katika hali hiyo. Watu wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani angali hai. Hapa mtunzi ametuonyesha kitu ambacho wahakiki wengi hukipita: mwili wa jagina umegeuka picha. Hauna uhai wala tendo, lakini unaendelea kuwatawala wanaoutazama kwa mbali. Mji mzima unashikwa na kiu kwa sababu ya picha.

Yamkini msomaji atauliza: je, Liyongo mwenyewe si tangazo la kale, linalowapa wavulana kipimo wasichoweza kukifikia? Hoja hii ina uzito. Utendi unamsifu, na hakuna mvulana atakayelingana naye. Lakini utendi huo huo unatuonyesha kitovu chake, pingu zake na mama aliyemhitaji. Unamsifu na kumhakiki kwa pamoja.

Waandishi wa baadaye wameendeleza uhakiki huo. Katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), Kithaka wa Mberia anauchukua mkasa huu na kuupeleka Butangi, ambako Mwelusi anautisha utawala wa Bokono kwa kauli na msimamo wake wala si kwa kimo. Katika hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kufagia chakula chote. Wanafunzi wetu walilisoma Jitu hilo vizuri sana: walisema ni ishara ya ulafi wa wenye nguvu wanaonyakua ardhi ya wanyonge. Kumbe wanaweza kuuhakiki mwili wa mwanamume wakiulizwa.

Mwili wa tangazo

Sasa tuutazame mwili unaouzwa. Mwaka wa 1999, Harrison Pope na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanasesere wa wavulana. Walimpima askari aitwaye G.I. Joe, aliyeanza kuuzwa mwaka wa 1964, wakikadiria vipimo vyake kana kwamba ni mtu wa futi 5 na inchi 10. Mzingo wa mkono wa juu wa yule wa 1964 ulikuwa inchi 12.2. Katika toleo la G.I. Joe Extreme la miaka ya 1990, ulikuwa inchi 26.8, yaani zaidi ya mara mbili. Hata wanyanyua vyuma mashuhuri hawafikii hapo.

Kwetu Kenya wanasesere hao si wengi, lakini mwili wa aina hiyo ulitufikia kwa njia nyingine. Filamu kama Commando na Rambo: First Blood Part II, zote za mwaka wa 1985, zilijaza vibanda vya video. Leo mwili huo umo katika simu ya mvulana, na mara nyingi umerekebishwa kwa kompyuta kabla ya kumfikia.

Tofauti yake na mwili wa Liyongo ni ipi? Mwili wa tangazo hauna kitovu. Hatuonyeshwi mahali unapoweza kuchomwa, wala njaa, dawa na taa zilizoutengeneza. Hauna mama wala Saada. Hauna tendo pia, kwani haukomboi mtu wala hautungi shairi. Kazi yake ni kutazamwa ili unga wa kujaza misuli ununuliwe.

Madhara yake si ya kubuni. Tangu mwaka wa 1993 watafiti wameeleza hali ambapo mwanamume aliyejengeka anajiona mwembamba na dhaifu, na mwaka wa 2013 hali hiyo iliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Baadhi ya wanaoandamwa nayo hutumia homoni za kujenga misuli, ambazo hudhuru moyo na ini, na hupunguza uwezo wa kuzaa. Hii ni kinaya kamili: kinachouzwa kama uanaume kinamnyang'anya mtu kile ambacho Wagala walikitafuta kwa Liyongo.

Darasani

Mwalimu mwenzangu hahitaji kuwa daktari ili kulishughulikia suala hili. Silaha za uhakiki tunazo. Kila mwili wa mwanamume unapojitokeza katika matini, tuulize maswali manne. Nani anautazama? Unafanya nini? Unamfaidi nani? Kitovu chake kiko wapi? Kisha tuwape wanafunzi tangazo moja kutoka gazetini na kisa cha Liyongo, walinganishe kwa maswali hayo hayo. Wasichana wahusishwe pia, maana jicho linalompima mvulana si la wavulana peke yao.

Tahadhari moja inafaa. Mjadala huu usigeuke kuwa mzaha dhidi ya mvulana mnene au kimbaombao aliyeketi dawati la nyuma. Mvulana huyo huambiwa ajikaze, na kwa kuwa wanaume hawatarajiwi kulalamikia miili yao, hanyanyui mkono. Mazungumzo yaanze kwa wahusika wa kubuni, wasioumia wakijadiliwa, na yaishie hapo ikiwa hakuna anayetaka kuendelea. Atakayejua kumtafuta jagina kitovu atakuwa tayari amejifunza namna ya kulitazama tangazo bila kuketi kiuni kando ya kisima.