Mswada si sheria, jamani!

Nimechoka kusikia watangazaji wetu wakiuita mswada 'sheria' kabla Rais hajautia saini. Mswada, kama ajuavyo kila mtunzi wa vitabu, ni andiko ambalo bado laweza kurekebishwa au kutupwa. Chukua Mswada wa Fedha wa 2024. Bunge la Kitaifa liliupitisha Juni 25 huku vijana wakiandamana, baadhi yao wakauawa. Kesho yake, Rais William Ruto alikataa kuuidhinisha. 'Sheria ya Fedha ya 2024' basi haijawahi kuwepo!

Kosa hili si la msamiati tu. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria. Ukimwambia raia ati mswada ni sheria, atanyamaza akidhani yamekwisha. Kumbe bado!