Pongezi kwa Mbudye, Walinzi wa Kumbukumbu za Waluba

Miaka mingi kabla Zanzibar haijaunda mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, Waluba, watu wa kusini-mashariki mwa Kongo ambao mji wa Kamina umo katika nchi yao, walikuwa na Mbudye, yaani chama cha walinzi wa historia ya ufalme, ambacho wanachama wake walipanda daraja kwa mafunzo, na wa juu tu ndio waliofundishwa kusoma lukasa, kibao kilichopambwa kwa shanga. Msomaji hukishika kwa mkono wa kushoto, akapapasa shanga kwa kidole cha shahada cha kulia huku akisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Chama hicho, kilichowakumbusha hata wafalme mipaka ya mamlaka yao, kinastahili heshima kuu, kwani kimethibitisha kwamba urithi hukaa kwanza ndani ya watu walioandaliwa kuutunza.